Nyota Inayomla Mwenzake: Ni Ngoma au Ni Mvua?

Ni Jumapili nyingine, na kama ilivyo desturi yetu tunakutana hapa kuzungumza machache kuhusu sayansi, wazazi pamoja na watoto. Leo tutasafiri mbali sana, hadi kwenye nyota zinazokula mali ya nyota wenzao. Lakini safari yenyewe itaanzia chini ya paa la mabati.

Wewe uishiye Kakamega, iwe ni Amalemba, Lurambi, Shinyalu au Khayega, huhitaji kuelezwa mvua ya alasiri ni kitu gani. Asubuhi jua huwaka na nguo huanikwa. Ikifika saa tisa hivi, mawingu huwa yamekwisha kujikusanya juu ya msitu, na kabla watoto hawajafika kutoka shuleni, mabati huanza kulia. Sikiliza vizuri siku hiyo. Hakuna tone linalomngoja mwenzake. Mara matone matatu huanguka kwa pamoja, mara kimya kidogo, mara kumi kwa mpigo mmoja. Mvua haina mwalimu wa kuipangia zamu.

Sasa linganisha sauti hiyo na isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Hapo kila kishindo kina mahali pake. Hata mtoto mchanga mgongoni mwa mamake hujua kishindo kinachofuata kitaanguka wapi.

Swali letu leo ni hili: tuseme umefungiwa chumbani, na unasikia vishindo hafifu kwa muda mfupi tu. Utajuaje kama ni mvua au ni ngoma? Usifanye haraka kujibu kwamba ni rahisi. Watu wenye elimu kubwa, wenye vyombo vya bei ghali, waliwahi kusikia mvua wakasema ni ngoma. Na chombo walichokuwa wakikitumia kilirushwa kutoka nchi yetu wenyewe, na kilikuwa na jina la Kiswahili.

Uhuru wa angani

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya walipokuwa wakisherehekea Jamhuri, roketi ya aina ya Scout ilifyatuka kutoka jukwaa la San Marco. Jukwaa hilo la Waitaliano lilisimama kwa miguu ya chuma baharini, katika ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi ilibeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi, yaani haukufika magunia mawili ya mahindi. Mama aliyesimamia mradi huo katika shirika la NASA, Marjorie Townsend, aliipa setilaiti hiyo jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji na sikukuu yao.

Kwa nini waje hadi Malindi? Sababu ni ikweta. Dunia inapozunguka, mahali palipo ikweta huenda kasi kuliko kwingine kote, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki hupewa msukumo wa bure. Isitoshe, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa kwa kiasi kikubwa eneo la anga lenye chembe za umeme ambazo huvuruga vyombo vya kuhesabia.

Na kwa nini waende angani badala ya kujenga darubini juu ya mlima? Kwa sababu Uhuru ilitafuta eksirei, miale ile ile ambayo hospitalini hupenya nyama na kuonyesha mfupa. Hewa yetu huizuia eksirei ya nyota isifike chini. Hiyo ni neema kwa afya zetu, lakini mtaalamu wa nyota inamlazimu apande juu ya hewa. Kundi lililoongozwa na Riccardo Giacconi lilikuwa limegundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya jamii ya Jua letu mnamo Juni 1962, kwa roketi iliyokaa juu dakika chache tu. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mlaji na mliwaji

Je, ni nini huko juu kinachotoa eksirei nyingi hivyo? Jua letu huishi peke yake, lakini nyota nyingi huishi mbili mbili, zikizungukana kama watoto walioshikana mikono. Wakati mwingine nyota moja ya jozi hiyo huwa imekwisha kufa na kubaki kiini kilichobanwa mno. Kiini hicho huweza kuwa nyota ya nyutroni, yenye uzito unaozidi wa Jua zima, na upana wake ni kama kilomita 20 hivi: haufiki nusu ya safari ya matatu kutoka Kakamega hadi Kisumu. Au huweza kuwa shimo jeusi, ambalo hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake.

Kiini hicho huivuta gesi ya nyota jirani. Gesi haianguki moja kwa moja. Hujizungusha kama maji yanayoingia kwenye tundu la beseni, ikafanya sahani kubwa inayozunguka. Kadiri inavyokaribia katikati ndivyo inavyozidi kwenda kasi na kusuguana, hata joto lake likafika mamilioni ya digrii. Gesi yenye joto la namna hiyo haiwaki nyekundu kama makaa, hutoa eksirei. Kwa hiyo eksirei tunazozipokea ni habari za chakula kinachoingia mdomoni.

Lakini hakuna darubini inayoweza kuuona mdomo huo. Uko mbali mno na ni mdogo mno. Kitu pekee tunachoweza kufanya ni kuhesabu. Kila chembe ya mwanga wa eksirei ikiingia chomboni, huhesabiwa: moja, mbili, tatu, kama matone juu ya mabati. Mwisho wa siku mtaalamu hana picha. Ana utepe mrefu wa nambari, na hapo ndipo somo la takwimu, ambalo wanafunzi wengi hulikimbia, linapochukua usukani.

Kanuni ya kipeuo

Mzazi, chukua jambo hili ulijaribu na wanao. Wakae mahali salama kando ya barabara ya kwenda Mumias, wahesabu bodaboda zinazopita kila dakika, kwa dakika 20. Tuseme wastani ni 16 kwa dakika. Je, kila dakika zitapita 16 kamili? La hasha. Mara zitapita 13, mara 19, mara 15. Kama kila mwendeshaji ana shughuli zake na hakuna anayemngoja mwingine, kuna kanuni inayotuambia hesabu zitayumba kiasi gani. Tafuta nambari ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata wastani wako. Kwa 16 nambari hiyo ni 4. Hicho ndicho kipeuo cha pili, na ndicho kiasi cha kuyumba. Takriban dakika mbili katika kila tatu zitaangukia kati ya 12 na 20. Ni mara chache sana utapata pungufu ya 8 au zaidi ya 24.

Sasa ikiwa dakika moja zimepita 45, usiseme ni bahati. Kuna jambo. Pengine mechi imekwisha uwanjani Bukhungu, pengine kanisa limefungua milango. Na ikiwa kila dakika zinapita 16 kamili bila kuzidi wala kupungua, hapo pia kuna jambo: mtu amezipanga. Bahati nasibu ina kipimo chake, na kitu chochote kinachozidi au kupunguza kipimo hicho kinakuambia kwamba kuna mkono mwingine kazini.

Kanuni hii ndiyo mzani wa wataalamu wa eksirei. Ukihesabu chembe 100, kuyumba kwa bahati ni 10, yaani sehemu moja kwa kumi. Ukihesabu 10,000, kuyumba ni 100, yaani sehemu moja kwa mia. Ndiyo maana vyombo vya baadaye vilitengenezwa vikubwa: si kwa fahari, bali kwa sababu hesabu ikiwa ndogo, bahati hufunika habari.

Mpiga ngoma anayezunguka

Mapema mwaka 1971 Uhuru ilielekezwa kwenye chanzo kiitwacho Centaurus X-3, katika anga ya kusini, si mbali na zile nyota nne za Msalaba wa Kusini. Nambari zake ziliyumba kupita kanuni ya kipeuo kwa mbali. Na ziliyumba kwa zamu: kupanda na kushuka kila baada ya sekunde 4.84.

Wataalamu hulithibitisha jambo kama hilo kwa njia ambayo hata fundi wa nguo angeielewa. Chukua utepe wako wa nambari, ukate vipande vya sekunde 4.84 kila kimoja, uvipange kimoja juu ya kingine, kisha ujumlishe safu kwa safu. Kama chembe zinakuja ovyo kama mvua, safu zote zitalingana, kwani mahali kipande kimoja kimezidi, kingine kitakuwa kimepungua. Lakini kama kuna ngoma, kilima kitaota mahali pale pale, na kila kipande unachoongeza kitakikuza. Kwa Centaurus X-3 kilima kiliota.

Halafu likaonekana jambo la ajabu zaidi. Vishindo havikufika kwa wakati kamili. Vilikuja mapema hadi karibu sekunde 40, kisha vikachelewa kiasi hicho hicho, na mzunguko huo ulirudia kila siku 2.087. Zaidi ya hayo, katika kila mzunguko eksirei zilizimika kwa karibu nusu siku, kisha zikarudi. Msomaji mpevu ameshang'amua. Mpiga ngoma alikuwa akimzunguka mtu mwingine. Akiwa upande wetu, sauti hufika mapema. Akiwa upande wa pili, huchelewa, kwani mwanga una njia ndefu zaidi ya kusafiri. Na akipita nyuma ya mwenzake, tunampoteza.

Hivyo basi, kwa kuhesabu tu, bila picha yoyote, watu walijua kwamba kule kuna nyota mbili, na kwamba mmoja wao ni nyota ya nyutroni inayojizungusha. Nyota hiyo ina sumaku kali ambayo huielekeza gesi kwenye ncha zake mbili. Ncha hizo huwaka, na nyota inapozunguka hutumulika kama kurunzi ya mlinzi wa duka anayegeuka geuka usiku. Baadaye Uhuru ilimpata mpiga ngoma mwingine, Hercules X-1, wa kila sekunde 1.24, ambaye humzunguka mwenzake kwa siku 1.7.

Mvua iliyodhaniwa ngoma

Sasa tufike kwenye ile hadithi niliyowaahidi. Upande wa kaskazini, katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, kuna chanzo cha Cygnus X-1. Mwaka 1971 Minoru Oda wa Japani pamoja na wenzake wa Uhuru waliona nambari zake zikiruka ruka kwa kasi kubwa, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde moja. Walizichunguza wakatangaza kwamba wameona mdundo.

Lakini utepe mwingine ulipochunguzwa, mdundo ulitoka tofauti. Wa tatu ukatoa mwingine. Palikuwa na midundo ya sehemu ya sekunde na midundo ya sekunde kadhaa, na hakuna hata mmoja uliodumu. Ilikuwa kana kwamba kila anayesikiliza anasikia wimbo wake.

Mwaka 1972 James Terrell wa Los Alamos, Marekani, aliueleza ukweli. Alionyesha kwamba ukichukua vimulimuli vingi vya muda mfupi, kila kimoja kikidumu sehemu ya sekunde tu, ukavitawanya ovyo bila mpango wowote, utapata utepe unaofanana mno na ule wa Cygnus X-1. Na ndani ya utepe huo wa ovyo, mtu akitafuta mdundo, ataupata! Ataupata kwa dakika moja, kisha utapotea. Haikuwa ngoma. Ilikuwa mvua.

Tusiwacheke watu wale, kwani jambo hili hutupata sisi sote. Tuseme wanafunzi 1,024 wameketi Bukhungu, na kila mmoja anarusha sarafu mara kumi. Uwezekano wa mmoja wao kupata kichwa mara kumi mfululizo ni moja katika 1,024. Kwa hiyo tutazamie kwamba uwanja mzima utakuwa na kama mwanafunzi mmoja aliyefanya hivyo. Ukimhoji peke yake utadhani ana kipaji. Ukikumbuka kwamba walirusha wote 1,024, huoni la kushangaza. Vivyo hivyo, mtaalamu anayejaribu midundo elfu moja tofauti katika utepe mmoja asishangae akiona mmoja unaoonekana kama bahati ya moja kwa elfu. Ni lazima ahesabu pia mara alizojaribu. Kisha achukue utepe mpya, ambao hajawahi kuuona, aangalie kama mdundo ule ungalipo. Kilima cha Centaurus X-3 kilionekana tena na tena. Kile cha Cygnus X-1 kiliyeyuka.

Vijana wangu, hapa nawasihi mtulie kidogo. Wapo kati yenu wanaotazama matokeo ya kamari kwenye simu, wakaandika nambari daftarini, wakaapa kwamba wameuona mpangilio: baada ya tatu ndogo huja moja kubwa. Karo imekwisha kwenda kwa njia hiyo katika nyumba nyingi. Fanyeni kama wanaastronomia. Andika utabiri wako kabla, si baada. Jaribu kwa nambari mpya bila kutia hata shilingi. Hesabu mara ulizokosea pamoja na zile ulizopatia. Utaona kilima chako kikiyeyuka, na fedha bado zimo mfukoni.

Bei inayopita mikononi

Je, basi Cygnus X-1 ni ovyo tu, na habari imeishia hapo? Hapana. Hata mvua ina habari zake. Manyunyu si sawa na gharika, na mtu akisikiliza paa anajua upepo umegeuka.

Terrell aliwaza kwamba vimulimuli hujumlishana, kila kimoja kikijitegemea. Kama ndivyo, nyota ikiongeza mwanga kwa muda mfupi, kuyumba kwake kusingeongezeka kwa uwiano ule ule. Lakini mwaka 2001 Philip Uttley na Ian McHardy walipima utepe wa Cygnus X-1 kipande kwa kipande, wakakuta kwamba mwanga ukizidi, kuyumba nako huzidi sawasawa. Mwanga ukiwa maradufu, kuyumba kunakuwa maradufu.

Jambo hili linaeleweka vizuri zaidi sokoni. Tuseme gunia la mahindi linapita kwa wakala, kisha kwa mwenye lori, kisha kwa mwuzaji wa rejareja. Kila mmoja hasemi, "Naongeza shilingi 100." Husema, "Naongeza asilimia kumi." Wakala akipandisha, ongezeko la mwenye lori linakaa juu ya ongezeko la wakala, na la mwuzaji likakaa juu ya yote mawili. Bei ikiwa juu, kila mtikisiko huwa mkubwa kwa shilingi; bei ikiwa chini, mtikisiko huwa mdogo. Hesabu ya namna hiyo haijumlishi, inazidisha.

Ndivyo ilivyo sahani ya gesi. Huko ukingoni, mbali na shimo, gesi huingia kwa kusitasita, leo kidogo zaidi, kesho pungufu. Mabadiliko hayo ya polepole husafiri kuelekea ndani, na katika kila hatua hukutana na mabadiliko mengine ya kasi zaidi yanayozidishwa juu yake. Yuri Lyubarskii alikuwa amelifikiria wazo hilo mwaka 1997. Kwa hiyo kule kuyumba kulikodhaniwa kuwa kelele tupu kumetueleza jinsi chakula kinavyosafiri kutoka ukingo wa sahani hadi mdomoni. Hakuna picha iliyoweza kutuambia hivyo.

Lakini nani asema ni shimo jeusi?

Huenda mwanafunzi mmoja anauliza: je, kwa kuwa Cygnus X-1 haina ngoma, ndiyo sababu wakasema ni shimo jeusi? Swali zuri, na jibu ni kwamba hoja hiyo peke yake haitoshi. Shimo jeusi halina uso mgumu wala ncha za sumaku za kumulika, kwa hiyo hatutarajii ngoma ya saa kamili kutoka kwake. Lakini zipo nyota za nyutroni nyingi ambazo nazo hazipigi ngoma. Kunyamaza kwa ngoma si ushahidi wa kifo cha mpigaji.

Kasi ya kuruka ruka ilitoa dokezo la kwanza. Watu waliojipanga kando ya barabara kutoka Kakamega hadi Webuye hawawezi kukupigia makofi yakufikie kwa mshindo mmoja, hata wakipiga wote kwa pamoja, kwa sababu sauti za walio mbali huchelewa. Nyota nayo haiwezi kubadilika kwa haraka kuliko muda ambao mwanga huchukua kuivuka. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu kinachobadilika ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hakiwezi kuzidi kilomita 30,000 hivi kwa upana, ilhali upana wa Jua ni karibu kilomita milioni 1.4. Basi mlaji huyo alikuwa mdogo mno.

Ushahidi wa pili ulikuwa uzito. Mwaka 1971 eksirei za Cygnus X-1 zilibadilika, na karibu wakati huo huo chanzo cha mawimbi ya redio kikatokea ghafla upande ule ule. Kubadilika kwa pamoja kuliwaelekeza watu kwenye nyota moja kubwa, HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton kule Kanada, wakaona kwamba nyota hiyo huzungushwa kila siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana, na kwamba mwenzi huyo ni mzito kupita kiasi cha nyota ya nyutroni. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinasema uzito wake ni mara 21 ya ule wa Jua, na umbali wake ni miaka 7,200 ya safari ya mwanga. Mwanafizikia Stephen Hawking alikuwa ameweka dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba kule hakuna shimo jeusi. Mwaka 1990 alikubali kwamba ameshindwa.

Malindi haikunyamaza

Baada ya Uhuru, jukwaa lile lilirusha setilaiti nyingine za eksirei. Ariel V ya Uingereza iliondoka hapo Oktoba 1974, na SAS-3 ya Marekani Mei 1975. SAS-3 ilichunguza sana milipuko ya sekunde chache chache ambayo hutokea gesi inapojilundika juu ya uso wa nyota ya nyutroni hadi ikawaka yote kwa pamoja. Hiyo ilikuwa njia nyingine ya kutambua mlaji mwenye uso na asiye na uso. Roketi ya mwisho iliondoka San Marco mwaka 1988.

Vyombo vikubwa zaidi vilifuata kutoka kwingine. Setilaiti ya RXTE, iliyofanya kazi kutoka Desemba 1995 hadi Januari 2012, ndiyo iliyompata mwaka 1998 mpiga ngoma wa mara 401 kwa sekunde moja: nyota nzima inayojizungusha kwa kasi hiyo kwa sababu gesi inayoangukia imekuwa ikiisukuma kwa miaka mingi. Na setilaiti ya IXPE iliporushwa tarehe 9 Desemba 2021, kituo chake kikuu cha kupokea habari duniani kilikuwa kile kile cha Malindi. Mojawapo ya vitu vilivyochunguzwa na IXPE mwaka 2022 ni Cygnus X-1. Zaidi ya miaka 50 baada ya Uhuru, nambari za nyota ile ile zilikuwa zikishukia pwani yetu.

Mwanafunzi wa Kakamega, usione haya ni mambo ya watu wa mbali. Nambari zilizokusanywa na setilaiti hizi zimewekwa na NASA mahali pa wazi, na mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzichukua bure. Kinachohitajika ni subira, hesabu, na ule uaminifu wa kukubali kilima chako kikiyeyuka. Katika mji huu huu kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Siku mwalimu anapoandika kipeuo cha pili ubaoni, usilale. Wanaastronomia huko juu hawana mzani mwingine zaidi ya huo.

Nawaachia zoezi la juma hili. Mzazi, mpe mwanao daftari. Ahesabu magari, au wateja wanaoingia dukani, au ndege wanaotua kwenye mparachichi, kila dakika kwa nusu saa. Atafute wastani, atafute kipeuo chake, kisha aangalie ni dakika ngapi zimeangukia ndani ya mipaka. Iwapo nyingi zimetoka nje, mtafute pamoja ni nini kinachozisukuma. Kisha mrudie siku ya pili mahali pale pale na saa ile ile, ili mjue kama mlichokiona ni ngoma au ni mvua.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema.